Ukuta wa Mama Mkwe Ndani ya Mashua

Nilijenga ukuta wa mbao katikati ya mashua, nikang'oa mabomba ya hewa, nikaziba matundu yake kwa lami, kisha nikasimama uani nikijisifu kwamba chombo sasa kimekuwa nyumba. Nyumba kilikuwa kweli. Kilichokosekana ni hewa tu, na mtu aliyejengewa nyumba hiyo alikuwa mgonjwa wa pumu.

Mtu huyo ni mama wa mke wangu.

Mashua yenyewe sikuinunua. Khawaja mmoja, mzungu aliyependa kucheza na tanga kwenye Nile siku za amani, aliiacha katika ua wetu hapo mtaani Malakia, akasema atarudi. Wengi walisema hivyo. Tulianika nguo kwenye mlingoti wake, na kuku wakataga ndani, mpaka mapigano yaliporudi mjini na kila nyumba ikawa na mpango wake wa kuondoka. Mpango wa wengi ulikuwa ule wa zamani: barabara ya Nimule, kurudi Uganda tulikokulia ukimbizini. Lakini magari yalikuwa yakishambuliwa njiani, na mama mkwe akibanwa ndani ya lori kati ya watu na magunia, kifua chake hufunga hata daraja la mto hamjalivuka.

Kaka zake wanaishi mtoni, visiwani huko upande wa Terekeka. Siku moja mke wangu, akianua nguo, aliutazama mlingoti kama mtu anayeuona mara ya kwanza.

"Hii haiwezi kumpeleka mama?"

"Imeoza."

"Hata wewe umeoza, na bado unatumika. Kwenda huko maji yenyewe yanabeba. Tanga litakuwa la kurudi."

Hapo akanipata. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari niipendayo ni ile ya kutoka kitandani mpaka kwenye kiti changu mlangoni. Mtu akitaja kurudi, namsikiliza.

Mbao za sitaha zilizooza nilizibadilisha, nyufa nikazijaza pamba na lami. Hapo sikukosea. Nilikosea kwenye mpangilio. Juu ya sitaha kulikuwa na mabomba mawili yaliyopinda shingo kama bata, moja mbele, moja nyuma. La mbele lilimeza upepo ukashuka chini, la nyuma likatoa hewa iliyochoka. Mimi niliona bata wawili wasio na kazi, na mmoja amesimama pale pale nilipopanga kuweka kiti changu. Tena miaka ile sisi wote mtaani tulikuwa tumeziba kwa matofali matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha, mwanga wa taa usionekane nje. Ukiishi hivyo kwa muda, huoni tena tundu. Unaona jicho linalokuchungulia.

Halafu ule ukuta. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso ovyo. Hamli pamoja, hampishani mlangoni. Yeye akishika njia hii, wewe unashika ile. Uani jambo hilo ni rahisi, kuna nyumba mbili na kona za kutosha. Chini ya sitaha, mahali ambapo mtu mzima hutembea ameinama kama anatafuta sindano, utampisha wapi? Nikapiga ukuta, ubavu hadi ubavu, sakafu hadi dari, hata chungu asipite. Upande wa mbele ukawa wake, na mlango mdogo juu ya sitaha ili ashuke bila kupita kwangu. Nilihisi nimewatatulia wakwe wote wa dunia wanaosafiri kwa tanga.

Jirani yetu, mama muuza chai mwenye sigiri yake kando ya uzio wetu, alimwita mke wangu dada, kwa hiyo mimi nikawa shemeji yake na kichekesho chake cha kila siku. Alikuja kukagua.

"Sasa hapa pumzi iko wapi?"

"Pumzi ya nani?"

"Ya huyo mama unayemfungia, shemeji."

"Ana mlango wake juu."

"Mvua ikinyesha?"

"Anafunga."

Alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyeomba chai bila majani. "Na hiki kiti?"

"Cha nahodha."

"Mkono wa usukani utakupiga mbavu."

"Malesh, si kitu. Nitakaa pembeni."

Mke wangu alitaka mama aizoee mashua kabla ya siku yenyewe. Ilikuwa alasiri, chombo kingali juu ya magogo uani. Mama mkwe alishuka mbele. Mimi nikaingia nyuma, uso nimeugeuza kama inavyotakiwa. Mke wangu akaenda jikoni. Mvua ikaja. Nikasikia mlango wa juu ukifungwa, na halikupenya hata tone. Nikafurahi kimoyomoyo.

Baada ya muda akagonga ukuta. Mtu mwingine angeuliza, "Vipi?" Mama mkwe haulizwi vipi. Nikadhani redio yangu inamkera, nikaizima. Akagonga tena. Nikaacha kukohoa. Akagonga kwa nguvu zaidi, nikavua viatu. Kadiri alivyogonga ndivyo nilivyozidi kuwa na adabu.

Kumbe mbao zangu mpya zilikuwa zimevimba kwa maji na mlango umekwama. Jirani, aliyekuwa amejikinga mvua chini ya paa letu, ndiye aliyesikia na kuelewa. Alipanda, akaubandua mlango kwa koleo la mkaa, akamvuta mama wa watu kwa makwapa. Kifua kilikuwa kikipiga mluzi. Mke wangu alikimbia na dawa yake ya kuvuta, na mama akakaa pale pale sitahani, mvua ikimnyeshea, mpaka pumzi iliporudi. Mimi nilisimama nyuma ya jiko, mahali ninaporuhusiwa kusimama.

Alipoweza kusema, alimwambia jirani, kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie mwenye mashua, mimi nabaki hapa na vita. Vita angalau ina hewa."

Hakuwa anatania. Na akibaki yeye, mke wangu anabaki. Akibaki mke wangu, sote tunabaki. Wiki ile milio ya bunduki ilianza kusikika kutoka upande mwingine wa mji.

Niliubomoa ukuta. Nikarudisha bata mahali pao, wa mbele akiuelekea upepo, wa nyuma akiupa kisogo. Mlango nikaupiga randa upwaye kidogo. Kiti nikakirudisha nyumbani, nacho nadhani kilifurahi. Ikabaki adabu. Mke wangu akafungua sanduku, akatoa milaya, shuka ambalo mama yake alilitarizi maua kwa mkono tulipooana, akalitundika kwenye kamba pale ulipokuwa ukuta, akiacha nafasi juu na chini.

Mara ya pili mashua ilikuwa majini, imefungwa ukingoni. Mama mkwe alikubali kushuka alasiri moja tu, tena mlango wake ukiwa wazi. Upepo wa mto ukaingia kwa bata wa mbele. Milaya ikavimba kuja kwangu, ikatulia, ikavimba tena, na kila ilipoinuka niliona vidole vya miguu ya mama mkwe. Nikakimbilia juu. Ikatulia, nikashuka. Ikainuka, nikapanda. Nyuma ya kitambaa hakuna aliyegonga. Baadaye tukasikia mkoromo, mzito na wa raha, na mke wangu akaanza kuteremsha ndani gunia la unga la safari.

Mimi nilikuwa juu ya sitaha tena, jasho linanitiririka. Jirani alikuwa ametufuata ukingoni na sinia lake la glasi za chai.

"Shemeji," akasema, "vita haijafika hapa na wewe umeshakimbia tangu mchana. Mgonjwa amelala. Shuka ukae chini, mashua inayumba kwa sababu yako."