Karatasi ya Marehemu Ndani ya Tochi

Uvumilivu wangu uliniishia siku mwanangu wa miaka minne aliponijia jikoni, mchana kweupe, akasema, "Mama, kuna jua kabatini." Nikafungua kabati. Tochi ya baba yake ya kuzamia ilikuwa inawaka peke yake katikati ya nguo za Idi, swichi imezimwa, mwili wake wa moto kama pasi. Nilipoiinua kwa taulo, maji yakacheza ndani ya kioo. Nikabonyeza swichi; haikuzimika. Nikaitupa uani, nikamfungia mtoto chumbani, nikasimama mlangoni naitazama, nayo inanitazama. Kilichonitia baridi si ule mwanga. Ni kwamba fundi aliyeithibitisha tochi ile kwa mwandiko wake alikuwa kaburini wiki tatu kabla hatujaipeleka dukani.

Habari za kifo chake zilitufikia hapa mtaani kwetu Ansab kwa simu, baada ya Alasiri: moyo, akiwa dukani kwake, mtaa wa Hamriya, bisibisi mkononi. Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa akichukua tochi ya kawaida, anaing'oa taa yake, analehemu taa ya LED yenye nguvu juu ya kipande cha shaba, anabadilisha mipira ya kuzuia maji na kuipaka grisi, na tochi ya kutafutia funguo inakuwa tochi ya kushuka nayo chini ya bahari. Lakini haitoki mpaka aijaribu. Alikuwa na bomba nene la chuma lenye pampu ya mkono. Tochi huingia humo bila betri, ndani ametia tishu, kisha maji ya chumvi hukandamizwa kutwa nzima. Tishu ikitoka haina hata tone, hapo tu ndipo hutia betri, na chini yake huweka kikaratasi alichoandika kwa wino wa bluu neno moja: kavu. Wazamiaji walikuwa wakifungua tochi zao, wakikiona, wanashuka na roho zao zimetulia.

Siku moja nilimtukana. Nilifuata tochi ya kwanza ya mume wangu, mtoto kiunoni, jua linachoma, naye akaniambia tishu imetoka na unyevu pembeni, nirudi kesho. "Mume wangu anazamia kesho asubuhi," nikamwambia. "Basi asishuke, bibie. Samaki hawahami." Nikamwita mzee king'ang'anizi, na mengine nisiyoyaandika hapa. Akacheka tu. "Tukana, mwanangu. Mimi huku juu nnatukanwa, yeye kule chini anarudi. Sisemi kavu penye maji."

Alipokufa, mshirika wake aliendelea na duka, akatuambia kazi ni ileile. Mume wangu akampelekea tochi mpya, ikarudi na kikaratasi chake. Ijumaa tochi ilimzimikia chini ya maji, akapanda ameshika mkono wa mwenzake. Akadhani betri imekwisha, akaitupa kabatini bila kuifungua. Mimi nimeishia sekondari, umeme siujui, lakini jioni ya siku ile ya kabati, mume wangu alipoifungua, kauweka uso mbali, yalimwagika maji yenye harufu ya kitu kilichoungua, nikajua ndiyo yaliyoiwasha, na kikaratasi kikatoka kimejikunja. Wino ulikuwa umetapakaa. Herufi mbili za mwisho zilikuwa bado zinasomeka, kwa mkono wa mtu niliyempa mkewe rambirambi.

Kesho yake nilikwenda Hamriya. Lile bomba lilikuwa pembeni, kavu, kofia ya mshirika imetundikwa kwenye mpini wa pampu. Nikamuuliza nani kaandika karatasi. Akanifunulia kopo la haluwa, bila aibu, limejaa vikaratasi, kavu, kavu, kavu. Marehemu alikuwa akiviandika asubuhi, anapokunywa kahawa, ili mchana mikono ya grisi isichafue. "Kaacha vingi, dada," akasema. "Vitatufikisha mbali."

"Na bomba?"

"Linakula siku nzima, dada. Watu wana haraka. Na wewe si ulikuwa na haraka, siku ile ulipomtukana mzee?"

Hilo la mwisho lilinichoma, kwa kuwa ni kweli. Ndiyo maana naandika. Sisi wateja ndio tuliomzoesha fundi kwamba subira ni ukaidi, na tunalia tu balaa likitufika mlangoni. Maiti hasemi, na mwandiko wake hauna haki ya kusema bila yeye. Yule mzee hakuacha karatasi. Aliacha siku nzima ya kungoja, na hiyo haikai koponi. Leo, unaposoma haya, kuna mtu yuko chini ya maji ameshika tochi iliyotolewa ushahidi na maiti.

Siku ileile, nilipotoka dukani, nikaenda ofisi ya malalamiko ya wanunuzi, tochi nimeitia kwenye mfuko. Karani, kijana mpole, akanisomea fomu: nani aliyethibitisha bidhaa? Nikamtajia. Yuko wapi? Nikamwambia, makaburini. Akanisogezea karatasi niandike mwenyewe, nami nikaandika hivi: "Nalalamika kwamba duka hili linamtumia marehemu kama shahidi wa vitu asivyoviona. Naomba wote waliochukua tochi baada ya maziko yake waitwe wazirudishe, kopo la haluwa lichukuliwe, na isitoke tochi nyingine mpaka lile bomba litiwe maji."