Mwanaume Haombi Radhi

Mdogo wangu alipoacha pombe, mimi ndiye niliyetangulia kumshukuru Mungu. Tulizaliwa wawili tu, Igamba, na baba yetu pombe ndiyo iliyomzika. Nilikuja Tunduma kushona. Mdogo wangu akanifuata alipomaliza kidato cha nne, akapata kazi kwenye duka la spea za magari la mzee mmoja wa Tanga. Akaoa binti wa Kinamwanga, mpole wa sauti, mwepesi wa miguu, aliyekuwa akivuka mpaka kila asubuhi kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kuuza mchele kwenye meza ya shangazi yake. Wakapata mtoto wa kike. Kama si ile chupa ya kila jioni, ningesema hawakukosa kitu.

Basi chupa ikaisha. Akawa anaamka alfajiri, anafanya mazoezi uani mpaka jasho linamtiririka. Nilipomuuliza kulikoni, akanionyesha simu. Kijana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa vizuri alikuwa anaongea na vijana wenzake kama kaka yao: acha pombe, acha uvivu, mwanaume ni nidhamu. Nikasikiliza dakika mbili, nikasema, "Huyu anaongea maneno ya maana. Msikilize." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, mkewe akiwepo.

Yaliyofuata mimi sikukaa kuyasikiliza. Yeye aliyasikiliza akila, akivaa viatu, akihudumia wateja. Yule kijana, akishawatoa wenzake kwenye pombe, alikuwa na mengine ya kuwafundisha. Kwamba mwanamke mwenye pesa yake hana mume. Kwamba mwanamke akikosea usimpige wala usimfokee, mnyamazie tu, atakuja kwa magoti.

Nilikuja kushtuka siku mzee wa duka aliponifuata mwenyewe kwenye cherehani yangu.

"Mwanangu," alisema, "huyu mdogo wako nampenda, lakini siwezi naye tena. Jana kaja yule mama wa Nakonde mwenye mabasi madogo, mteja wangu wa miaka mingi. Kauliza bei ya breki. Kijana kamjibu, nenda kamlete mumeo, mambo ya gari siongei na mwanamke. Na mama yule ni mjane."

Kazi ikaisha. Mdogo wangu hakuona kosa lake. Aliniambia mwanaume wa kweli hatumwi na mtu. Wiki hiyohiyo akamkataza mkewe kuvuka.

Mpaka leo sielewi. Nyumba ilikuwa imebakiwa na mlango mmoja wa riziki, naye akaufunga kwa mkono wake. Wifi yangu alitii. Hata mimi nilimwambia, "Vumilia wifi, ni uchungu wa kukosa kazi, utapita." Akakaa ndani miezi miwili. Nilipopata unga niliwagawia. Siku ambayo mtoto alikosa hata uji, wifi alijifunga kitenge, akaenda kwenye meza ya shangazi yake, akarudi kabla ya adhuhuri na unga na sukari. Alimkuta mumewe amekaa kizingitini. Mume hakumgombeza. Aliacha tu kuongea naye.

Alinijia kazini akiwa amekonda.

"Wifi, leo ni siku ya kumi na moja. Nikimwekea chakula anakula, anainuka. Nikimsalimia ananipita kama stuli. Bora angenigombeza, ningejua nimekosa kiasi gani."

Nikaiacha nguo ya mteja palepale, nikaenda kwa mdogo wangu.

"Dada, usiingilie," aliniambia kwa sauti ya chini. "Inafanya kazi. Ameshaanza kulia." Alisema kwa furaha, kama mtu aliyeona mahindi yake yanachipua.

"Huyu ni mkeo."

"Ndiyo maana namfundisha."

Siku chache baadaye wifi alimbeba mtoto mgongoni, akavuka, akabaki hukohuko kwa wazazi wake. Baba yetu mdogo akaja kutoka Igamba, tukaenda Nakonde pamoja. Walitupokea vizuri, wakatupikia. Baba wa binti hakutaka faini wala ng'ombe. Alisema, "Binti yangu hajakataa ndoa. Aje mumewe mwenyewe, aseme nimekosa, awachukue watu wake."

Tulirudi tunacheka njiani. Tuliona ni jambo jepesi.

Mdogo wangu alitusikiliza mpaka mwisho, simu mkononi. "Nikienda nimekwisha," akasema. "Mwanaume haombi radhi."

"Mimi nimemwomba radhi mama yako mdogo mara nyingi kuliko mibuni niliyopanda," akasema baba mdogo.

"Ndiyo maana umekuwa hivyo."

Mzee alichukua kofia yake. Alipanda gari la Mlowo kurudi Igamba mchana uleule, na hajakanyaga tena Tunduma.

Tulisubiri mwaka. Nilikwenda Nakonde mara tatu peke yangu, mikono mitupu, kuwaomba wavute subira. Mara ya tatu nikaambiwa wifi amekwenda na mtoto Kitwe, mbali ndani ya Zambia, kwa ndugu zake. Sasa nasikia ana mume huko. Simlaumu.

Juzijuzi mteja aliyekuja kupima gauni alinionyesha simu yake. "Huyu si mdogo wako?" Alikuwa yeye, amekaa wima, anawafundisha wengine. "Mke wangu alileta kiburi, nikamfukuza. Leo nina amani." Chini ya video vijana walikuwa wanamshukuru. Mmoja aliandika kwamba naye ameanza kumnyamazia wa kwake, leo siku ya nne. Niliyarudia maneno hayo mpaka herufi zikachanganyika. Sikumjua kijana yule wala alipo, na sikuwa na namna ya kumfikia mkewe.

Nikaandika kwa simu yangu, "Hukumfukuza. Alikukimbia kwa njaa na kwa upweke." Yakafutwa, nami nikafungiwa nisiandike tena.

Jumapili mama huwa ananipigia kutoka Igamba kuuliza mwanawe anaendeleaje. Namwambia mzima.

Jumapili iliyopita nilimfuata mdogo wangu chumbani kwake. Jiko lilikuwa na vumbi. Nikamuuliza kama amekula, akasema amekula. Nikamuuliza, "Mtoto unamkumbuka?"

Aligeukia ukutani. Nikasogea nimshike bega. Akalitoa.

"Ukitoka funga mlango," akasema.

Nikafunga. Nilisimama pale nje kitambo, nikisubiri aniite, nikaisikia simu yake ikianza kuongea kwa sauti ya yule kijana mwenye ndevu.