Springi mpya za pikapu na mama mkwe wangu

Jamani, nimeinua pikapu mpaka mama mkwe ameshindwa kupanda.

Fundi hapa Kilosa alinionya: "Mzee, springi hizi ni za kubebea matofali. Chukua za wastani."

Mimi? Wastani? Sasa hivi twiga wa Mikumi wananitazama usawa wa macho!

Leo nikamfuata mama mkwe kijijini kwake, Ulaya ya hapa hapa Kilosa, nimpeleke harusini Mikumi. Ukoo mzima nilishautangazia kuwa atashuka kama malkia.

Nikamfungulia mlango. Pa kukanyaga pako usawa wa kiuno chake.

Na mama mkwe humshiki ukamnyanyua! Nikabaki natazama mahindi ya shambani kwake.

"Mkwe wangu, gari zuri sana," akasema kwa upole. "Niitie bodaboda."

Mke wangu, niliyekuja naye, akashuka pia, wakapanda bodaboda wote wawili.

Nikaenda peke yangu, polepole. Gari tupu, springi ngumu, kila tuta kichwa kinagonga paa.

Nafika, watu wameshakula. Mama mkwe kaniwekea pilau, na pembeni kigoda.

"Cha kukalia, mama?"

"Cha kunipandishia wakati wa kurudi."

Ukumbi mzima ukacheka.

Kigoda nimekifunga nyuma kwa kamba. Springi sitoi. Haya, nicheke na wewe!