Mheshimiwa Alipokuja Kuposa

Watu wa hapa Songambele husema nina kinyongo. Ninacho. Wala sitaki kuombewa kanisani kwa ajili hiyo.

Mwanangu alifukuzwa shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya mimba. Siku hiyo walifukuzwa wawili, yeye na rafiki yake wa dawati moja kutoka Kaisho. Waliambiwa wachukue madaftari yao waende. Akarudi kwa miguu, sare imemkaza tumboni, akanipita uani bila hata kunisalimu, akaingia ndani akalala na viatu.

Mtoto akazaliwa. Siku moja tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, yeye ana mtoto mgongoni, redio inaongea. Bungeni walikuwa wanabishana kama wasichana waliozaa waruhusiwe kurudi darasani. Akasimama mbunge mmoja. Jimbo lake lilikuwa mkoa mwingine kabisa, lakini kwao ni Karagwe, kwa hiyo tukaweka visu chini tukasikiliza, tukijua mtu wa kwetu atatusemea. Lo! Akasema, "Mheshimiwa Spika, shule si leba. Aliyezaa ameshachagua darasa lake, akae nalo." Wenzake wakapiga meza. Alipoona amenoga, akaongeza na ya Katiba: eti wanaodai Katiba mpya waanze kwa kuisoma hii ya zamani, maana wengi wanapiga kelele na hawajawahi hata kuishika. Meza zikapigwa tena.

Mwanangu akaendelea kumenya. Hakulia. Mimi ndiye niliyezima redio, na kuanzia hapo mtu yule nikamweka moyoni.

Katiba nikaisoma, maana sipendi kuambiwa sijui. Niliazima kijitabu kwa mchungaji wetu, nikawa nasoma jioni nikitoka kibanjani kupalilia migomba. Nilisoma kwa shida. Kiswahili cha wanasheria kinachosha, na sisi tumekulia Kinyambo. Nikakuta imeandikwa waziwazi kwamba kila mtu ana haki ya kujielimisha. Kila mtu! Hawakuandika isipokuwa aliyezaa. Nikasema, kumbe bwana huyu naye hajaisoma.

Mtoto nikamlea mimi. Mama yake akaingia darasa la watu wazima, akafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu, akaenda chuo cha ualimu. Leo anafundisha shule ya msingi kule Igurwa. Serikali nayo baadaye ikabadili msimamo, wasichana wakaruhusiwa kurudi, na nani alipita akijisifu kwamba hilo alilipigania tangu zamani? Yeye yule. Kisha wenzake wa chama wakamwangusha kwenye kura za maoni, na hapo ndipo alipogundua kwamba nchi inahitaji Katiba mpya, tena haraka. Weee! Nilicheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia.

Basi, mwaka huu mwanangu akaniambia amepata mchumba. Kijana mpole, habari za mtoto anazijua na hana neno. Nikauliza ni wa nani. Aliponitajia baba wa kijana, nikaiweka sufuria chini.

"Unamjua huyo ni nani?"

"Namjua, mama. Naolewa na mtoto, siolewi na baba."

Nikasema waje.

Kwetu wageni wa posa hupewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, ndani ya kikapu kidogo. Wanaume ndio wanaoongea. Mama wa binti haongei, kazi yake ni kukitoa kikapu, na kikapu kisipotoka, yote waliyosema wageni ni bure. Nikakaa nacho jikoni.

Walifika wamependeza. Mheshimiwa alikuwa na suti, lakini aliketi mkekani kama wenzake, ndivyo mila inavyotaka. Mshenga wao aliongea vizuri sana. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, akaridhika, akaita, "Kahawa!" Sikutoka. Akaita tena. Wageni wakacheka, wakadhani ni vituko vya posa, mama anajishaua ili abembelezwe. Wakaleta faini kwenye sahani, nikairudisha. Wakaleta kitenge, nikakirudisha. Mwishowe shemeji akaja mwenyewe, jasho linamtoka.

"Shemeji, unatuaibisha. Unataka nini?"

"Nataka mheshimiwa arudie aliyoyasema bungeni juu ya wasichana waliozaa. Ayarudie hapa, kwa mdomo wake."

Shemeji akapeleka ujumbe. Mheshimiwa akasimama akitabasamu. "Nilisema nini, jamani? Nimesema mengi mimi."

Hakukumbuka! Sisi tulilala na maneno yale tukaamka nayo, mwenyewe ameshayasahau. Hilo ndilo lililonitoa jikoni. Nikasimama mbele yake, kikapu mkononi, nikamwambia neno kwa neno, na meza zilivyopigwa pia nikamwambia. Yule kijana akamgeukia baba yake. Kumbe alikuwa hajui.

"Mama," akasema mheshimiwa, "sheria ya wakati ule ndivyo ilivyokuwa."

"Kwani sheria anatunga nani? Mimi?"

Akajikohoza. "Basi, kama kuna mtu nilimkwaza, naomba radhi."

"Kama?"

Hapo mlango wa ndani ukafunguka. Binti anayeposwa hatoki mpaka aitwe, lakini wangu alitoka. Nilijua ninaweza kuwa nimemvunjia ndoa kwa hasira zangu, na hata hivyo nisingeweza kurudi nyuma.

Akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi nilikuwa na mama wa kunilelea mtoto, ndiyo maana nikasoma. Lakini tulifukuzwa wawili. Mwenzangu yuko Kaisho, analima maharage ya watu. Nenda ukamwombe yeye hiyo radhi. Kahawa itakusubiri."

Kijana ndiye aliyeinuka kwanza, akamwuliza mchumba wake njia, akaenda kumfungulia baba yake mlango wa gari. Wakaondoka wawili. Mshenga na akina shangazi wakabaki mikekani na njaa yao. Chakula kilikuwa tayari, kinanukia, na mimi niliwapa maji tu.

Walirudi jua linakaribia kuzama. Suti ilikuwa na udongo magotini. Mheshimiwa akaketi bila kukaribishwa.

"Umemkuta?" akauliza shemeji.

"Nimemkuta shambani."

"Amekubali?"

"Hakukubali, wala hakukataa." Akajifuta udongo magotini. "Ameniuliza, basi sasa arudi darasa la ngapi."

Akatuangalia mmoja mmoja, kama mtu anayengoja msaada. Shemeji akainamisha kichwa. Mwanangu alikuwa ananitazama mimi, kwa hiyo nikampelekea mheshimiwa kahawa, akachukua, akatafuna. Jibu sikumpa.