Nilimkana baba yangu kwenye kundi la wazee wa vita

Admin, jina langu lifiche, na picha usiweke hata ya kuokota mtandaoni. Watu wa huku tunajuana mno.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tatu, Mkurya wa Tarime, nina mke na watoto. Nafanya kazi kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Tangu rashi ya dhahabu ilipoanza huku kwetu wamejaa watu wa kila mkoa, na vijana ninaosaga nao wananiita Kamanda, kwa sababu niliwaambia baba yangu alikufa kwenye vita vya Kagera. Sikudanganya. Ila maelezo sikuyamaliza, na ndiyo yananitafuna leo.

Baba yangu Marwa alikwenda vitani hajaoa, na hakurudi. Alikuwa mtoto pekee wa kiume wa bibi. Sasa kwetu nyumba haiachwi ikafa hivihivi. Bibi alitoa ng'ombe, akamuoa mama yangu kwa jina la marehemu, na sisi tuliozaliwa ni watoto wa Marwa, kabisa, hakuna mzee kijijini atakayekuuliza mara mbili. Tunaiita nyumba ntobhu. Aliyempa mama mimba simjui na sijawahi kumtafuta. Nyumbani hilo si aibu. Lakini kule karasha siku moja alitajwa mtu wa nyumba kama yetu, wageni wakacheka mpaka wakakaa chini. "Kwa hiyo baba yake anavaa gauni?" Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote.

Mwaka jana nilijiunga na kundi la mtandaoni la watu wanaojitolea. Kazi yetu ni hivi: wajukuu wanawarekodi wazee waliopigana, wanatuma sauti, sisi tunasikiliza. Mzee akitaja kamanda wake, njia waliyopita, silaha aliyobeba, tunalinganisha na wengine mpaka tujue alikuwa kikosi gani, halafu simulizi yake tunaiweka pamoja na za wenzake. Hakuna malipo. Niliingia kwa ajili ya bibi, maana hajawahi kujua mwanae alifia wapi. Vijana wa karasha nao wakaingia, eti kumuunga mkono Kamanda.

Ikaja sauti ya mzee mmoja wa Morotonga, kule Serengeti, nimwite Mzee Wambura. Anasimulia polepole, anakohoa, anaendelea. Akasema walikuwa wanavuka tope, mwenzake Marwa wa Tarime akapigwa risasi, yeye akamvutia pembeni na kumfunika koti lake. "Akaniambia, mwambie mama yule ng'ombe mwekundu wa pembe moja asimuuze. Nikirudi nitaolea huyo. Vita ilipoisha nilikuja Tarime kumtafuta mama yake. Nikiuliza kwa kina Marwa, kila mji naonyeshwa Marwa. Nikachoka, nikarudi."

Jamani! Mama yangu aliolewa kwa uzao wa ng'ombe huyohuyo! Mwekundu, pembe moja. Bibi hakuletewa ujumbe wowote, lakini hakumuuza, alimtunza mpaka akazaa na wanawe wakazaa, akaolea. Habari za ng'ombe huyo nimezisikia tangu nanyonya.

Kwa furaha nikaandika kwenye kundi: "Huyo aliyekufa ni baba yangu mzazi!" Dada mmoja wa Dodoma, mtu mwema tu, anayejitolea kama mimi, akajibu: "Hongera kaka. Ila nisaidie kidogo. Vita iliisha zaidi ya miaka kumi kabla hujazaliwa. Tuandikeje?" Kabla sijajibu, kijana mmoja wa karasha akadakia: "Kamanda, mama alibeba mimba miaka kumi?" Wakaanza kumimina vile vikatuni vya kucheka.

Ningesema neno moja tu, yakaisha. Badala yake niliandika hivi: "Mzee amechanganya. Kina Marwa huku ni wengi. Baba yangu alirudi na jeraha la vita, likamuua nyumbani miaka mingi baadaye. Huyu mzee nadhani anatunga."

Basi. Waliniamini, kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji. Simulizi ya Mzee Wambura ikaondolewa kwenye kikosi chake, ikaandikwa kwamba ina mashaka. Yote, hata yale yaliyomtokea yeye mwenyewe. Vijana wanaendelea kuniita Kamanda, na kila wakiniita natamani mashine izidi kelele nisisikie.

Wiki iliyopita mjukuu wake alinipigia. "Shikamoo kaka. Babu nimemsomea mlichoandika. Hakukasirika. Anauliza amekosea wapi, ili arekebishe. Tangu siku hiyo anarudia kusimulia peke yake kitandani, anatafuta kosa lake." Mzee ni mgonjwa, haamki tena. Nikamjibu, "Tutaangalia." Tutaangalia! Mwanaume mzima.

Mke wangu nimemweleza. Akaniambia, "Umemuita muongo mtu aliyemfunika baba yako koti?" Akanigeuzia mgongo mpaka leo.

Nikisema ukweli ni lazima niuseme palepale kwenye kundi, mbele ya vijana ninaosaga nao kila siku, kwamba mimi ndiye yule waliyemcheka. Mama yangu na bibi yangu watakuwa kichekesho cha karasha zima. Nikinyamaza, Mzee Wambura atakufa anaitwa muongo, na bibi atakufa hajui mwanae alilala wapi wala alisema nini. Kumwambia kwa siri nashindwa, maana atauliza nani kasema, na huyo nimemwita muongo. Naye bibi hana siku nyingi, namlisha kwa kijiko.

Jana nikimlisha uji aliniuliza tena, "Mura, wale watu wa kwenye simu wamempata mwanangu?" Nikasema, "Bado, bibi." Akanishika mkono, akasema, "Waambie wasiharakishe, wamtafute vizuri. Mimi nasubiri."

Ndugu zangu, nitukaneni kwanza, nimestahili. Mkimaliza, nishaurini: nianzie wapi, na nimwangalie nani usoni?