Dakika Tisa Kando ya Sanduku la Zabuni

Nilikaa kitini kaka yangu akipigwa rungu la kichwa, hatua thelathini kutoka nilipokuwa, na kila pigo likitua mimi nilikuwa naangalia saa ya ukutani.

Dakika tisa. Nilizihesabu zote.

Wanaonifahamu wananiita mtu wa msimamo. Nina hata cheti cha pongezi, kilichobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi, na aliyekibandika ni mimi mwenyewe kwa sababu ndiyo kazi yangu. Leo nasema yaliyotokea. Someni mpaka mwisho, ndipo mnitukane vizuri.

Mimi ni karani wa zabuni kwenye ofisi ya elimu. Serikali ikitaka kununua chaki, rangi au madawati, tangazo linapita mikononi mwangu. Nabandika ubaoni, natoa makabrasha kwa waombaji, napokea bahasha zao, naandika kwenye daftari, natumbukiza kwenye sanduku.

Sanduku lenyewe ni la bati, jekundu, lina mdomo juu. Siku ya mwisho linawekwa mezani kwenye korido, na karani anakaa pembeni yake kuanzia saa mbili mpaka saa nne kamili asubuhi. Saa nne ikigonga unafunga mdomo kwa kufuli. Mchezo umekwisha.

Kuna sheria moja. Karani aliyefungua daftari asubuhi ndiye anayefunga sanduku. Hutoki. Hata mkojo unaubana. Ukiliacha kabla ya kufuli, hata kwa nusu dakika, yeyote anaweza kulalamika na zabuni nzima ikafutwa. Inatangazwa upya, miezi inapita, na muda wote huo mwenye mkataba wa zamani anaendelea kula.

Shikeni hapo.

Mkataba wa zamani wa madawati ulikuwa wa jamaa tuliyemwita Msumari. Jina alipewa na walimu, maana dawati lake lilikuwa na msumari mmoja pale panapotakiwa minne. Watoto walikuwa wanaanguka nalo. Kuna mama anatuuzia sabuni ya maji ofisini, tunamwita Mama Sabuni. Mjukuu wake dawati lilimfungukia darasani, akavunjika paja.

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea. Yeye ndiye aliyekuwa anayarudishia miguu madawati ya Msumari, bure, kila Jumamosi. Mwaka ule akasema imetosha, na yeye anaomba zabuni.

Mama yetu ni mmoja, baba tofauti. Majina hayafanani na sura hazifanani, yeye kapanda hewani na mimi mnaniona kimo changu. Pale ofisini hakuna aliyejua kuwa tumetoka tumbo moja.

Lakini utaratibu unataka karani mwenye ndugu kwenye zabuni ajaze fomu ya kutangaza undugu. Nikajaza, nikabandika na picha yangu. Nikampelekea bosi wangu, afisa ununuzi, tunayemwita Mama Mihuri kwa jinsi anavyogonga mihuri kama anaua mende.

Aliisoma, akaigonga muhuri, akaifungia kabatini.

"Dada, nadhani safari hii sanduku akalie mwingine," nikamwambia.

"Kukaa na sanduku ndiyo kutoa zabuni? Bahasha zimefungwa, utafanya nini? Kaa tu, mdogo wangu. Nakuamini."

Nilitoka mle ofisini kichwa kimevimba kwa sifa.

Wiki moja kabla ya siku ya mwisho, watu watatu walimfuata kaka karakana, mchana kweupe.

Wawili walimshika. Wa tatu, jamaa wa miraba minne mwenye kofia ya sufu, akalaza mkono wa kushoto wa kaka juu ya meza ya chuma. Akachukua nyundo ya kaka mwenyewe, akamvunja kidole cha kwanza.

"Hiki ni cha kuchukua kabrasha."

Akavunja cha pili.

"Hiki ni cha kulijaza. Ukileta bahasha tunahamia kichwani."

Nilimkuta hospitali amefungwa bandeji, jasho linamtiririka. Nikamwomba aache. Nikamwambia ana watoto.

"Watoto wangu ndio wanaokalia hayo madawati," akanijibu. "Wewe kalia sanduku lako. Mimi nitajua la kufanya."

Sasa siku yenyewe.

Saa mbili nimeshafungua daftari. Meza yangu inatazamana na dirisha, na dirisha linatazama getini. Wale watatu walikuwa wameshafika, wameegemea nguzo za geti wanatafuna miwa kama watu wasio na shida na mtu.

Kila aliyekuja na bahasha walimuuliza anakwenda wapi. Mmoja aligeuka mwenyewe bila kuambiwa. Wa pili alijifanya mjuaji, akala kofi lililomtoa viatu, na kabrasha lake likatupwa mtaroni. Mlinzi wetu alipopuliza filimbi walimpokonya, wakampiga teke la tumbo, wakamrudishia filimbi yake. Alipiga simu kituoni. Wakamwambia wako njiani. Mpaka leo sijui njia gani.

Mama Sabuni walimpisha. Nani atamzuia mama mwenye ndoo ya sabuni? Yule wa kofia ya sufu hata akauliza bei.

Akafika mezani kwangu, akachomoa bahasha ya kaki chini ya chupa zake, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Nimetumwa na mteja wangu," akasema.

Bahasha ya zabuni haitakiwi kuwa na jina nje, inakuwa na namba ya zabuni tu. Kwa hiyo sikuuliza mteja gani. Akaweka dole gumba kwenye daftari, bahasha ikaingia, akaendelea na biashara yake.

Mpaka saa nne inakaribia zilikuwa zimeingia bahasha nne.

Saa nne kasoro dakika tisa, kaka akatokea.

Shati jeupe. Vidole kwenye bandeji. Bahasha kubwa kaikumbatia kifuani, yaani unaiona tangu ng'ambo ya barabara.

Hawakumuuliza chochote. Kofia ya Sufu alitoa rungu nyuma ya nguzo akamshushia la bega, kaka akapiga goti. La pili likatua juu ya sikio. Nililisikia kutoka kwenye korido, kupitia kioo, na nyie msiniulize mlio wake.

Wakamlaza chini. Mmoja akasimama juu ya ule mkono wenye bandeji akawa anaukanyaga kwa kisigino, anauzungusha. Mwingine anampiga mateke ya mbavu. Kaka hakuiachia bahasha. Shati lilikuwa jeupe, kwa hiyo damu ilionekana yote.

Saa nne kasoro saba.

Kofia ya Sufu akaacha kupiga. Akageukia dirisha langu, akaniangalia usoni.

"We karani. Njoo umwokote kaka yako."

Halafu akarudi kazini. Rungu la jicho.

Kwenye korido watu walikuwa wanalia. Wahasibu wawili walikuwa wamejifungia. Nikasikia mkono begani, ni Mama Mihuri.

"Nenda kamwokoe, mdogo wangu. Nitakukalia hapa."

Nikashika ukingo wa meza.

"Ni kaka yako yule. Una roho ya namna gani? Nenda, sanduku ninalo mimi."

Nikaangalia saa. Kasoro nne. Kasoro tatu. Akazidi kunisukuma bega, safari hii kwa nguvu, mpaka kiti kikalia. Mimi tako halikunyanyuka.

Saa nne kamili nikapiga kufuli.

Ndipo nikatoka mbio.

Kwenye korido kulikuwa na dawati la Msumari, lile la sampuli aliloleta wapime ubora. Nikalivuta mguu, ukatoka bila kubisha, kama kawaida ya madawati yake. Nikaenda nao getini.

Ila mambo yalikuwa yameshageuka. Mafundi wenzake kaka walikuwa wamepata habari, wamekuja na nondo. Wawili walikuwa wameshakimbia. Kofia ya Sufu alikuwa chini, mafundi wanne wamemkalia, mikono imekunjwa mgongoni. Hana ujanja tena.

Nilimpiga mdomoni.

Nikampiga tena mdomoni. Nikampiga goti mpaka likapinda upande usiopinda. Nikarudi mdomoni. Meno yakawa yanatoka na mate, naye anajaribu kusema kitu na mimi sitaki akiseme. Mafundi wenyewe wakaanza kuniambia basi, karani, basi. Mlinzi ndiye aliyenikumbatia kwa nyuma akanitoa.

Wakati wanamgeuza, karatasi ikadondoka mfukoni mwake, imekunjwa mara nne.

Nikaifungua. Ilikuwa picha yangu. Mwandiko wangu. Nakala ya ile fomu yangu ya undugu, na muhuri umegongwa upande, ukiegemea kushoto, kama anavyogonga mtu mmoja tu pale ofisini.

Kaka akapakiwa kwenye gari la mafundi kwenda hospitali. Bahasha yake ilikuwa imechanika pale getini. Ndani yake kulikuwa na kurasa za magazeti ya michezo.

Sikuelewa. Nikarudi ndani, maana zabuni hufunguliwa siku hiyohiyo, mbele ya kamati na waombaji. Nililibeba sanduku mpaka ukumbini, shati langu lina damu ambayo si yangu.

Mama Mihuri ndiye alikuwa anasoma majina. Akafungua bahasha ya kwanza, ya Msumari, akasoma kwa sauti ya redioni. Ya pili akasoma. Ya tatu ilikuwa ya kaki, inanukia sabuni.

Akaifungua, akarudia mstari wa kwanza kwa macho tu.

"Soma, mama," mwenyekiti wa kamati akasema.

Akasoma jina la karakana ya kaka yangu. Alisoma kama mtu aliyekwamwa na mwiba.

Nikaenda mbele nikaiweka ile fomu mezani.

"Hii imetoka mfukoni mwa yule aliyeko nje. Niliikabidhi kwa mtu mmoja tu."

"Wameniibia kabatini," akasema haraka.

Mwenyekiti aliutazama ufunguo wa kabati, unaning'inia shingoni mwa Mama Mihuri kwenye mkufu.

Hapo ndipo kichwa changu kikafunguka. Siku ile shida yao haikuwa tena bahasha ya kaka. Walitaka mimi ninyanyuke. Ningenyanyuka, zabuni ingefutwa na Msumari angeongezewa muda. Ndiyo maana nilikalishwa pale. Kile kichapo chote kilipigwa kwa ajili ya macho yangu.

Mama Mihuri alifungwa. Msumari alifungwa. Kofia ya Sufu alifungwa akiwa anakula kwa mrija. Zabuni haikufutwa, kwa sababu sanduku halikuachwa hata sekunde moja. Watathmini waliletwa kutoka ofisi nyingine kabisa, na kaka akashinda. Madawati yake mpaka leo ukitaka kuyavunja uje na winchi.

Jicho la kushoto hakulipata tena.

Siku alipoweza kuongea nilikuwa kando ya kitanda. Akanishika mkono kwa ule mkono wake mbovu.

"Bahasha ilikuwa ndani tangu asubuhi. Mimi nilikwenda pale ili wanione mimi, mama wa watu asiguswe. Aliposema 'kaka yako' nikajua wanakutaka wewe. Nikanyanyua mkono, nikakuonyesha kaa. Ukaniona, mdogo wangu. Ukakaa. Ungetoka ningekuwa nimepigwa bure."

"Niliuona, kaka," nikamwambia.

Akalia kwa jicho moja.

Sasa sikilizeni. Sikuuona mkono wowote.

Ningeuonaje? Nilikuwa naangalia saa.

Sikukaa kwa ajili ya sheria. Sheria ilinijia baadaye, wakati nafunga kufuli na nimeshaanza kutafuta sababu. Nilikaa kwa sababu miguu ilikufa. Nilikuwa nawaza vidole vyangu mimi. Mama Mihuri alipokuwa ananisukuma niende, nilikuwa namchukia kwa sababu anazidi kuniambia niende, na mimi siwezi. Alitega mtego wa mtu jasiri, akamkuta mwoga. Hicho ndicho kilichookoa zabuni ya serikali.

Na yule niliyempiga mdomo, mnajua kwa nini nilimpiga mdomo. Aliiona sura yangu dirishani. Alikuwa mtu pekee aliyejua.

Juzi ametoka jela. Alikuja ofisini akichechemea, akasimama kwenye ubao wa matangazo. Akasoma cheti changu chote, taratibu, na neno "ujasiri" akaligusa kwa kidole. Halafu akageuka akaniangalia kupitia dirisha lilelile.

Akacheka, na mdomo niliouvunja mimi. Akaenda zake.

Somo langu ni fupi. Mkimwona mtu kakaa imara wakati wengine wanaumia, msikimbilie kumpa cheti. Muulizeni kwanza nini kilimkalisha.

Changu nimekibandua leo asubuhi, pini nne.

Kaka, najua shemeji huwa anakusomea hizi simulizi jioni. Leo mwambie asome hapa mara mbili. Mkono wako sikuuona.