Mlezi Aliyekuja Lindoni

Mimi ni mlinzi wa ghala la mahindi na maharage hapa Kasulu mjini. Navaa sare na buti, nashika rungu, nafungua geti kwa malori yanayotoka Rungwe Mpya na Gwarama. Mwanzoni watu walicheka kumwona mwanamke na rungu, kisha wakazoea. Kilichowashinda ni kuzoea kwamba mwanangu analelewa na mtu ninayemlipa.

Baba yake alikwenda machimboni Geita mtoto akiwa hajaota jino, na siku hizi hata salamu zake hupitia kwa watu wengine. Nikabaki na binti yangu, chumba kimoja, na kazi isiyo na saa. Supavaiza wetu wa kampuni ya ulinzi hupiga simu jioni: kesho ingia asubuhi. Kabla sijajipanga, anapiga tena: geuza, utaingia usiku. Na hata zamu yako ikiisha, mwenzako wa kukupokea asipotokea, hutoki. Lindo haliachwi wazi.

Kwanza nilimpeleka mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto. Palikuwa pazuri, pana bembea, pana uji wa saa nne. Lakini jioni mapema wanafunga. Siku moja mwenzangu hakutokea, nikafika kituoni jua linazama. Nilimkuta mwanangu kwenye benchi, begi mgongoni, na mwalimu wake amesimama kando, mkoba begani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, na mimi nina wangu nyumbani."

Ilipotokea tena, wakaniambia nitafute mahali pengine.

Nikahangaika kwa majirani, leo huyu, kesho yule, mpaka nikawa nasikia milango ikifungwa kila buti zangu zikikaribia.

Mtaa wa nyuma yetu alikuwapo mama mmoja mshonaji. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakiwa wakimbizi. Yeye ni raia, ana kitambulisho kama changu, ila mtu akitaka kumuudhi bado humwita mkimbizi. Nilimkuta barazani kwake, nikamwamkia, nikaanza kwa sauti ya kuombaomba.

"Mama, nakuomba unisaidie kunishikia mtoto."

Akasimamisha cherehani. "Kukusaidia, au kukufanyia kazi?"

Nikababaika.

"Kama ni msaada," akasema, "leo nitakusaidia, kesho nitakuwa na shughuli zangu. Kama ni kazi, nitaifanya usiku na mchana, hata mvua inyeshe. Lakini kazi ina malipo. Mchana una bei yake, usiku una bei yake. Na ukichelewa, saa ulizochelewa nazo unazilipa."

Niliondoka nimenuna. Nikamwona mama mgumu, hana huruma. Nilifika karibu na kwangu ndipo nikajiuliza kama mimi nalinda lile ghala kwa huruma. Nikageuka, nikarudi, tukakubaliana.

Tangu siku hiyo sikubabaika tena. Supavaiza akipiga, nampigia mama mshonaji, naye ananijibu ndiyo kwa Kirundi, "Ego, mlete." Mwanangu alilala mchana juu ya vipande vya vitenge nyuma ya cherehani, akanenepa, akaanza kusema "oya" kwa kila asichokitaka, kama mlezi wake.

Habari zikafika kijijini. Kaka yangu akaja na bodaboda, ametumwa na ukoo.

"Nusu ya mshahara unampa mkimbizi akushikie mtoto," alisema kabla hata ya kukaa. "Si bora uache kazi? Au mpeleke kwa mama, atamlea bure."

"Mama analima, mgongo unamuuma. Hiyo bure unayoisema, nani anaibeba?"

"Sasa undugu unauzwa?"

"Kaka, umemlipa bodaboda aliyekuleta. Muuza soda utamlipa. Mbona anayeshika mtoto ndiye afanye bure? Na usimwite mkimbizi ndani ya nyumba yangu."

Aliondoka bila kula. Iliniuma, sitaficha. Ugali niliompikia nikaula peke yangu, wote.

Msimu wa mavuno malori yakaongezeka. Siku moja nilimaliza zamu ya usiku, asubuhi wa kunipokea hakutokea. Nikampigia supavaiza. "Vumilia dada, natafuta mtu." Mchana ukafika, bado anatafuta. Macho yalikuwa yanawaka kwa usingizi. Baadaye supavaiza akaja na pikipiki yake, akaanza kukagua makufuli kana kwamba kila kitu kiko sawa.

Ndipo nikamwona mama mshonaji anapanda kile kilima kidogo cha getini, mwanangu mgongoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Nikadhani mtoto anaumwa.

"Mzima huyu," alisema kabla sijauliza. "Mkubwa wako ni yupi?"

Nikamwonyesha. Tajiri mwenye ghala, mzee mwenye asili ya Tanga, alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje ya ofisi. Mama aliwaamkia wote kwa heshima, kisha akamgeukia supavaiza.

"Mwanangu, wewe ndiye unayemweka huyu dada hapa tangu jana?"

"Mama, hayo ni mambo ya kazi."

"Ndiyo maana nimekuja. Na mimi niko kazini. Saa unazomzuia huku, mimi nazifanya kule. Za zamu yake atanilipa yeye. Hizi nyingine nazidai kwako."

Wabeba magunia wakasimama. Supavaiza akacheka, akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Akanigeukia mimi. "Umemtuma?"

Ningeweza kusema hapana tu, nikanyamaza, na ingekuwa kweli. Nikasema, "Sikumtuma. Lakini anachosema ndicho ninachosema na mimi."

Tajiri akavua miwani. "Kampuni yenu nailipa kwa mlinzi wa usiku na mlinzi wa mchana," alimwambia supavaiza taratibu. "Naona mmoja. Wa pili yuko wapi?"

Nikamkabidhi supavaiza rungu langu, nikampokea mwanangu, tukaondoka. Wabeba magunia wananiambia alisimama getini mwenyewe mpaka jioni, akifungulia malori, jasho linamtoka.

Alitaka kunilipizia kisasi. Akanipangia lindo Kibondo, wilaya nyingine, akijua fika nina mtoto mdogo. Nikamwambia aandike sababu ya kunihamisha, nimpelekee tajiri asome. Hakuandika, sikwenda. Siku hizi zamu zetu tunazijua wiki nzima mapema. Malipo ya saa za kuzidishiwa bado tunayapata kwa ugomvi, basi tunagombana, mimi na wenzangu.

Mama mshonaji sasa analea watoto wengine wawili, wa muuguzi na wa muuza chai. Majuzi amepandisha bei. Nililalamika, akaniacha nilalamike mpaka nikamaliza, nikalipa. Kisha nikaenda ofisi ya kampuni kudai nyongeza ya mshahara. Nimeambiwa nisubiri. Jumatatu narudi, na sitakwenda peke yangu.